Siku Tuliyomhamisha Baba

Mwaka wa kwanza ziwa lilichukua choo. Mwaka uliofuata likachukua jiko, na sisi tukahamishia mafiga sebuleni. Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka tu kwamba tulitia matofali chini ya miguu ya kitanda cha mama, kwanza mawili kila mguu, baadaye matatu. Asubuhi nilikuwa navua viatu vya kazi mlangoni, nakunja sketi, napita majini mpaka barabarani, nafuta miguu, navaa viatu, naenda kufundisha. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano hapa Baraka. Nilifika kwa wakati karibu kila siku.

Maji yale hayakuwa mageni kwa mama. Aliwahi kuyaona akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Anasema barabara ya Mboko ilikatika, watu wakapita kwa mitumbwi juu ya mashamba ya muhogo. Baadaye ziwa lilirudi nyuma, matete yakaota, yakafyekwa, na watu ambao hawakuyaona maji yale wakaanza kupewa viwanja palepale. Baba alikuwa mmoja wao. Alikuwa mvuvi, alitaka kuuona mtumbwi wake akiwa amekaa mlangoni. Mama alimweleza habari ya maji mara moja tu. Nilimwuliza kwa nini hakurudia.

"Alikuwa amesikia," akasema.

Baba alikufa kwa ugonjwa wa kifua kabla ziwa halijaanza kupanda. Tulimzika nyuma ya nyumba, kama alivyoomba, tukamwagia saruji juu. Kwa hiyo jirani zetu walipoanza kuhama, mmoja mmoja, na mabati yao kichwani, mama alibaki. Nami nikabaki naye, kwa sababu sikuwa na bwana wala watoto, na kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Mwaka wa tatu, baada ya mvua za Pasaka, saruji ya kaburi ilipasuka katikati. Upande mmoja ulizama, na maji yakawa yanaingia na kutoka kwenye ufa kila wimbi likija. Mama alisimama pale asubuhi nzima, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Aliporudi ndani alisema, "Wita kaka yako."

Kaka yangu analima Nundu. Alikuja kesho yake pamoja na baba mdogo, ambaye anakaa Lubondja na ndiye mkubwa wa ukoo wetu sasa. Tulikaa sebuleni, miguu juu ya mbao.

"Mufu hafukuliwake," baba mdogo akasema. "Muntu akisha lala, amelala. Mutaamusha mambo yenye hamuyajue."

"Halale tena, shemeji," mama akajibu. "Anaogelea."

"Mi sitaweka mukono yangu humo."

"Sikukuomba mukono. Mi sitaacha bwana yangu akunywe maji."

Baba mdogo alisimama, akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga. Nilisikiliza yote kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Nilikuwa nafikiria madaftari niliyoyaacha shuleni bila kusahihisha.

Kaka alienda kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, akapewa karatasi ya ruhusa. Seremala alitutengenezea sanduku dogo la mbao. Sikujua kwamba masanduku ya safari hii huwa madogo hivyo. Mchungaji alikuja mapema Jumamosi, akaomba akiwa amesimama majini, suruali imekunjwa hadi magotini, kisha wanaume wawili wa kanisa wakasaidiana na kaka kuinua saruji. Jeneza lilikuwa limelainika kama muhogo uliolowekwa. Lilikatika mikononi mwao.

Watu huniuliza niliona nini. Niliona vifungo vya koti lake. Vinne vilikuwepo, cha tano kilikosekana, nami nikakumbuka kwamba hata siku ya maziko kilikosekana, na kwamba ni mimi niliyesema nitakishona. Kaka alikuwa anatoa mifupa mmoja mmoja, anaisuuza kwenye beseni, ananipa, mimi naipanga juu ya shuka mpya. Mama alikuwa ananielekeza: "Ile ya mukono weka huku." Sauti yake ilikuwa ileile anayotumia tukikunja nguo. Nilingoja nihisi kitu. Mikono ilikuwa baridi, basi.

Tulifunga shuka, tukaweka sandukuni, mama akafunika na kitenge chake. Gari halikupatikana. Kaka akapanda moto, pikipiki ya kukodi, nyuma ya dereva, akapakata sanduku mapajani. Mimi na mama tulifuata kwa moto ya pili, kuelekea mlimani, barabara ya Fizi, ambako kanisa lina makaburi.

Tulipokaribia kupanda kulikuwa na barieri, kamba imefungwa kati ya miti miwili. Askari mmoja alitusimamisha.

"Kuko nini mu sanduku?"

"Baba yetu," kaka akasema.

Askari alicheka kidogo, akidhani anataniwa. Kaka akamnyooshea karatasi. Akaisoma polepole, akamtazama mama, akatazama kitenge. Akavua kofia na kufungua kamba mwenyewe.

"Mupite, bamama. Pole sana."

Mama akamjibu, "Aksanti, mutoto yangu." Lilikuwa neno lake la kwanza la upole wiki ile nzima.

Kule juu tulidhani tutakuta wachimbaji wa kanisa. Tulimkuta baba mdogo. Alikuwa peke yake, ndani ya shimo lililomfika kifuani, shati ametundika kwenye kichaka, jembe mkononi. Alikuwa ametoka Lubondja jana yake na kulala kwa watu wa hapo karibu. Kaka alisimama na sanduku mikononi.

"Nilisema sitafukua," baba mdogo akasema bila kuinua macho. "Kuchimba sikukatala."

Akanyoosha mikono, akapokea sanduku, akaliweka chini yeye mwenyewe. Alipotaka kutoka alishindwa kupanda, tukamvuta watatu, mimi, mama na kaka, naye akakaa kwenye udongo akalia kwa sauti kama mtoto. Mama alimshika bega. Mimi niliokota shati lake, nikalikung'uta, nikamshikia mpaka amalize.

Sasa tunakaa upande wa juu wa mji, vyumba viwili nyuma ya kanisa. Ziwa halionekani. Mama amepanda mboga za lengalenga kando ya ukuta na analalamika kwamba udongo una mawe.

Nyumba ilianguka miezi minne baada ya sisi kuhama, siku ya kazi, mchana kweupe. Jirani wa zamani alinipigia simu nikiwa darasani, watoto wakinakili zoezi la hesabu.

"Mwalimu, nyumba yenu imeanguka. Upande yote ya ziwa. Unakuya kuona?"

"Nitakuja," nikasema.

Niliweka simu mezani. Mtoto mmoja wa mbele aliuliza kama namba ya mstari wa pili ni saba au moja. Nilikwenda ubaoni, nikaufuta mstari ule, nikauandika upya, vizuri zaidi.