Gari Nililoliita Mradi

Gari lile halikuwa mradi. Lilikuwa mchezo wangu, na nilikana jambo hilo kwa miaka mingi mbele ya mume wangu, mbele ya mama, mbele ya walimu wenzangu, na mara moja mbele ya padri aliyekuja kubariki nyumba akakuta kabureta imelazwa kwenye meza ya chakula. Aliinyunyizia maji ya baraka kama vitu vingine vyote. Nilimwambia ni mradi, akasema Mungu ausimamie.

Anayeikumbuka miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia biashara, ataelewa kwa nini nilikana. Mshahara ulikuwa umeshakuwa kichekesho, maduka yalikuwa yamejaa vitu tulivyokuwa tumesahau hata sura zake, na kila mtumishi wa Songea alitakiwa awe na mradi. Watu walijuliana hali kwa miradi. Ukishajibu kuwa watoto hawajambo, swali lililofuata lilikuwa mradi unaendeleaje. Mwalimu mkuu wetu alikuwa na kuku wa mayai. Mwalimu wa hesabu alikuwa na mashine ya kukoboa. Nesi wa jirani aliuza barafu za watoto. Mume wangu, bwana mifugo wa serikali, alifuga nguruwe nyuma ya nyumba yetu ya Msamala, na aliwafuga vizuri, maana angalau yeye alikuwa amesomea. Mtu asiye na mradi alihesabiwa kuwa ama mvivu ama ana mjomba mkubwa Dar es Salaam. Mimi nilikuwa na shahada ya jiografia na sikuwa na mjomba.

Nililinunua gari kwenye mnada wa mali za chama kimoja cha ushirika kilichokuwa kinakufa polepole. Lilikuwa la Kifaransa, rangi ya chai ya maziwa, refu upande wa nyuma kama jeneza la tajiri. Kwenye kiti cha nyuma kuku alikuwa amehatamia, na mnadi alitutangazia kwamba kuku hayumo kwenye bei. Lilivutwa kwa trekta hadi nyumbani. Mume wangu alisimama mlangoni pa banda na debe la pumba mkononi, akalitazama likiingia, akaniuliza hiyo ni nini.

"Mradi," nikasema. "Teksi."

Akazunguka gari zima bila haraka, kama anavyomzunguka ng'ombe mgonjwa. Halafu akaniomba tu niliegeshe mbali na banda, nguruwe wake wasije wakaiga.

Ukweli ni kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa umeanza na redio. Miaka ile ndiyo redio kaseti za milango miwili zilipoingia kutoka Dubai, na watu waliokuwa wakizifunika redio zao za zamani kwa vitambaa vya kufuma, wakizipangusa kila asubuhi kama watoto wachanga, walianza kuzitupa. Nilizikuta kwenye mabanda ya kuku, chini ya vitanda, nyingine zimegeuzwa stuli. Nilizipenda zile zenye vali, zile taa ndogo za kioo ambazo hulazimika kupata moto kwanza ndipo redio iseme. Kitu kinachofikiri kabla ya kusema kilinifurahisha, labda kwa sababu nilikuwa nashinda kwenye vikao vya walimu. Nilizifungua, nikazisafisha kwa mswaki, nikazifunga, na baadhi zilisema tena. Zilizobaki zilinipiga shoti. Ninayo alama kwenye kidole gumba hadi leo, na nilipoulizwa nilisema ni pasi.

Kati ya zote, moja haikuwa ya kuokota. Ilikuwa radiogramu ya marehemu baba, kabati zima lenye redio upande mmoja na sahani ya santuri upande mwingine. Baba alikuwa Mngoni, Mkatoliki wa kupiga kengele, na kazi ya ukarani wa ghala la korosho ilimpeleka hadi Nalasi, kule Tunduru, akarudi na radiogramu na mama. Mama ni Myao, Mwislamu, na hakubadili dini yake, wala baba hakumwomba. Baada ya baba kufariki alihamia kwetu na magoti yake mabovu. Aliishi kwa amani na kila kitu isipokuwa banda la nyuma. Nguruwe hakuwataja kwa jina. Alikuwa akimwambia mkwewe, kwa adabu zote, "Baba, wale wageni wako leo wamelia sana."

Mama ndiye mtu pekee aliyeamini kwamba gari lilikuwa mradi. Aliamini kabisa, na akatangaza. Kila mtu wa kwao aliyepita Songea, mwenye gunia la korosho au mwenye mgonjwa, aliambiwa kwamba binti yake anaandaa gari la abiria. Wakati huo gari lilikuwa juu ya matofali, halina injini. Injini ilikuwa barazani, imefunikwa kwa kanga.

Ndipo ikaja salamu kutoka Nalasi. Aliileta kondakta wa basi la Tunduru, amesimama mlangoni hataki hata kukaa. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa anapofuka. Jicho moja lilikuwa limeshakwisha na la pili lilikuwa njiani. Alisema mdogo wake aende amwone wakati yeye bado anaona.

Mama alimshukuru yule kijana, akampa ndizi, kisha akamwambia afikishe jibu: atakuja kabla ya mvua kubwa, atakuja kwa gari la mwanawe.

Sikuulizwa. Nilikuwa nimesimama palepale na spana mkononi.

Wasioijua barabara ya Tunduru ya miaka ile niwaambie tu kwamba kiangazi ilikuwa mchanga na masika ilikuwa tope, na malori yaliyokwama yalikaa mpaka madereva wakaotesha mchicha. Basi lilikuwa linaweza kulala njiani, na magoti ya mama yasingekubali hata kupanda ngazi zake. Mume wangu, ambaye ni mtu mwema nikiacha maneno yake, alipata suluhisho siku ileile. Ofisini kulikuwa na pikapu ya rafiki yake, ile anayoiazima kupelekea nguruwe sokoni. Angeiosha kwa dawa, angeweka godoro.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Ahsante, baba. Lakini dada yangu haoni vizuri. Atanijua kwa harufu. Nikifika nanukia wageni wako, atasema huyu siye."

Likaisha hilo. Ikabaki gari langu, na miezi michache ya kiangazi.

Mpaka hapo nilikuwa nachezea gari kama watu wanavyocheza bao, bila nia ya kumaliza. Sasa nililazimika kulimaliza. Kila siku nikitoka shule nilivua viatu vya ualimu, nikavaa gauni la zamani la ujauzito, ambalo lilikuwa na nafasi ya kutosha kuchuchumaa, nikaingia chini ya gari. Breki nilizifufua moja baada ya moja. Shokomzoba za kupunguza mitikisiko nilizipata kwenye gari jingine la aina hiyo lililokufa misheni. Klachi ilinitoa machozi, na sisemi kwa mafumbo, mafuta yaliniingia machoni. Wapita njia walisimama kwenye ua kutoa ushauri. Jirani mmoja alinisihi kwa upole nifuge kuku.

Siku injini ilipowaka, mama alipiga kigelegele kutoka kitini na nguruwe wakaitikia. Nililiendesha mpaka kilimani Matogoro kulijaribu. Kabla ya nusu ya mlima, chini ya msindano mmoja, likachemka, mvuke ukatoka kama chungu cha kande, nikarudi nyumbani nikisukumwa na wanakwaya waliokuwa wanatoka mazoezini. Waliimba njia nzima. Mume wangu alifungua geti.

"Nguruwe wangu wanaongezeka uzito," akasema, "gari lako linapungua maji. Mwalimu, tukae tufikirie."

Sikukaa. Nilibadili pampu ya maji, likachemka. Nilizibua rejeta, likachemka. Nilitoa kila kitu kinachotoa maji na kila kitu kinachopokea maji, nikaosha, nikarudisha, likachemka palepale, chini ya mti uleule wa msindano. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika mchana na kutawanyika jioni. Mama alikuwa ameshafunga sanduku lake; aliliweka karibu na mlango, akawa anafunguafungua tu kutoa kanga ya kuvaa.

Jawabu nililipata nikishona. Nilikuwa nakata sare ya mwanangu kwa kufuata ile ya zamani, nimeweka kitambaa kipya juu ya kikuukuu ili mistari ilingane, nikagundua mkono wa kulia nimeugeuza, umekuwa wa kushoto. Nikaacha mkasi. Nikaenda barazani, nikachukua gasketi kuukuu ya silinda hedi, lile bamba jembamba lenye matundu ya kupitishia maji ya injini, ile niliyoitoa mwanzo, ambayo kwa uchoyo wangu sikuitupa. Nikafungua injini upya, kazi ya siku nzima, nikailaza ya zamani juu ya mpya. Matundu ya maji hayakulingana. Nilikuwa nimeiweka gasketi mpya upande ule safi juu na ule wenye madoa ya wino wa kiwanda chini, kama mtu anavyotandika shuka akitarajia wageni. Nilikuwa nimeyaziba maji kwa usafi.

Niligeuza, nikafunga, nikapanda Matogoro mpaka mwisho wa njia, nikakaa juu ya boneti nikiitazama Songea yote chini, na sikumwambia mtu yeyote ubaya ulikuwa wapi. Nilisema ni spea za Dubai, hazina ubora.

Halafu ikatokea kwamba mimi siendi. Mitihani ya kidato cha nne ilikuwa imeanza na nilikuwa msimamizi. Kuomba ruhusa wakati ule ilikuwa sawa na kuomba kufukuzwa. Kusubiri ilikuwa kusubiri mvua. Usiku wa mvua ya kwanza, ile ndogo ya kutuliza vumbi, mume wangu aliweka kijiko chini katikati ya chakula akasema ataendesha yeye. Hakutoa sababu. Alisema tu nguruwe niwalishe mimi, na kwamba wanakula mara mbili.

Kabla hawajaondoka nilimfundisha kulisikiliza gari kwa ujumla wake: mlio wa kawaida, mlio wa njaa ya mafuta, mlio wa kusimama mara moja na kushuka. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Kwenye dashibodi nilikuwa nimefunga redio kaseti, na nyuma, kwenye milango, spika mbili za redio za kuokotwa. Kaseti ilikuwa moja tu. Nilikuwa nimezirekodi santuri za baba kutoka kwenye radiogramu, zile za dansi ambazo mama na dada yake walizisikia kwa mara ya kwanza kwenye ngazi za ghala la korosho. Umeme wetu wa Songea ulikuwa wa jenereta, na wakati narekodi wimbo ule mama aupendao kuliko zote, jenereta ililegea. Santuri ikalegea nayo. Katikati ya ubeti wa pili mwimbaji anazama polepole kama mtu anayesinzia kanisani, kisha anazinduka na kuendelea. Nilitaka kurudia. Mama alikataa, alisema hivyo ndivyo baba alivyokuwa akiimba.

Waliondoka alfajiri, mama kiti cha nyuma, magoti yamenyooshwa juu ya mto, sanduku kando yake. Siku hiyo nilisimamia mtihani wa jiografia, nikatembea kati ya madawati nikisikiliza mawingu.

Jioni haikuja habari. Kesho yake nililisha nguruwe, nikasimamia, nikalisha nguruwe. Mvua ilinyesha upande wa mashariki, tuliiona imesimama kama ukuta kule Namtumbo, njia waliyopita. Walimu wenzangu waliniuliza mradi unaendeleaje, nikasema vizuri. Usiku ule nililifungua gari lote kichwani, kipande kwa kipande, nikalifunga tena, na kila nilipofika kwenye gasketi sikukumbuka niliiweka upande gani.

Siku iliyofuata, mtihani wa mchana ulipokwisha, mhudumu wa ofisi alikuja mbio kuniita. Simu ya ofisini kwa mwalimu mkuu, kutoka posta ya Tunduru mjini. Simu za mbali wakati ule zilipita kwa opereta na zilikuwa na muda maalumu, kwa hiyo watu walikuwa wanapiga kelele na kusema jambo kubwa kwanza. Mume wangu alianza na kabureta. Iliziba mchanga kabla ya Tunduru, ameifungua mwenyewe kando ya barabara, ameipuliza kwa mdomo, ameirudisha, na skrubu moja imebaki lakini gari linakwenda bila hiyo.

"Mama?" nikasema. "Mmefika?"

"Jana. Rejeta haikuchemka hata mara moja. Sasa tumerudi hapa mjini kutafuta mafuta, wote tumo."

"Mama mkubwa alimwona?"

Simu ilikwaruza kidogo. "Alimshika uso kwanza, kila mahali, kama anayechagua embe. Halafu akamsogeza juani, akamtazama sana. Akamwambia, 'Umezeeka kuliko mimi.' Mama yako akacheka mpaka tukamkalisha."

Niliegemea meza ya mwalimu mkuu, ambaye alikuwa anajifanya anasoma. Nilimwambia mume wangu anipe mama niongee naye. Akasema mama hataki kushuka garini, na dada yake hataki kushuka, wamekaa nyuma pale nje wamefungua milango, kaseti inalia, na watu wamejaa.

"Wananiuliza huu ni mradi gani, wanataka kujua nauli ya Songea," akasema. "Nimewaambia si mradi. Nimewaambia mke wangu hucheza na magari."

Sikukana. Opereta aliingia kutuambia muda unakwisha, nikamwomba mume wangu asiseme kitu, ainue tu simu juu kuelekea mlangoni. Aliinua. Nikasikia barabara, na sauti nyingi za watu, na nyuma yake, mbali, wimbo ukifika ubeti wa pili, ukaanza kuzama.