Bao la Nyonga

Nisiseme uongo: yule namba saba wetu nilimwonea wivu hadi nikakosa usingizi. Tulikuwa timu moja, timu ya kiwanda cha nguo, tukichezea uwanja wa vumbi kule Temeke, miaka ile ya Ujamaa tulipokuwa tukiitana ndugu hata tukiwa tumenuniana. Mie ndiye niliyekuwa nafunga mabao. Yeye alikuwa anapiga chenga. Mechi ikiisha, anayebebwa juu juu ni yeye, anayenunuliwa soda ni yeye, na mie natembea nyuma nimebeba mipira kama kibarua.

Mabao yangu yalikuwa mabaya, nakiri. La goti, la bega, na moja liliwahi kunigonga kisogoni likaingia. Lakini bao si bao, jamani?

Aliyekuwa akisema hivyo kwa sauti kuliko wote ni baba yangu mzazi. Baba alikuwa kuli bandarini Kurasini, na kila jioni barazani kwetu, kwenye kahawa, alibishana na jirani yetu karani, mtu wa bara, aliyekuwa akipiga pasi hata kaptula.

"Mie naenda uwanjani kutazama mpira mzuri," karani alikuwa akisema. "Matokeo nitayasikia tu mtaani."

"Chenga hazihesabiwi!" baba anafoka. "Utarudi nyumbani umwambie mkeo tumefungwa ila tumependeza? Hebu tuondolee balaa hapa!"

Nikiyasikia hayo kutoka ndani, moyo unatulia kidogo. Baba yuko upande wangu, ingawa kunisifu kwa kinywa chake hajawahi hata siku moja.

Pale barazani tulikuwa na desturi yetu. Aliyekwenda mpirani lazima awasimulie waliokosa, mwanzo hadi mwisho, na akisimulia ovyo hapewi kahawa. Jumapili tuliyocheza na timu moja ya Kinondoni, karani alishikwa na kazi ya kujitolea, kuchimba msingi wa zahanati. Baba akaenda. Tulishinda moja bila, na bao lilikuwa langu, la nyonga. Niliporudi sikuoga. Nilikaa kizingitini na vumbi langu mwilini, nimsikie baba akinitaja mbele za watu. Sikutaka kitu kingine.

Baba akaanza. Halafu akasimama! Mzee mzima, kiuno kimeharibiwa na magunia, anaonyesha namba saba alivyompita beki wa kwanza, alivyompiga tobo wa pili, na wa tatu alivyokaa chini mwenyewe bila kuguswa. Akayumba kushoto, akayumba kulia, kahawa ikamwagikia kanzu, watu wakacheka hadi machozi. Sijawahi kumwona baba na furaha ile. Roho iliniuma, nikatamani namba saba avunjike mguu, Mungu anisamehe.

"Ehe, halafu?" karani akauliza. "Bao lenyewe lilikuwaje?"

Baba akakaa taratibu, akaipangusa kanzu yake.

"Niseme kweli? Sikuliona. Mpira ulishaondoka, mie nimebaki namtazama yule kijana."

Karani aliruka. "Karibu kwetu, ndugu yangu! Leo umehama!"

Walimcheka baba mpaka nikamwonea huruma, pamoja na hasira zangu zote. Akageuka huku na huku akitafuta pa kushika, akaniona pale kizingitini.

"Mfungaji si huyu hapa? Mwanangu, njoo. Njoo uwaambie hawa bao ni nini. Wasimulie ulivyofunga."

Akanisogezea na kigoda chake. Baraza zima likanitazama, karani naye akasogea anisikilize. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu nianze kuvaa jezi. Nikafungua mdomo nidanganye, nikashindwa.

"Baba," nikasema, "mpira ulinigonga tu. Hata mie nilikuwa namtazama yeye."