Mtu Aliye Ndani ya Tembo

Mume wa mdogo wangu ni mtu wa maneno machache. Ukimsalimia anaitikia, na akishaitikia, mazungumzo yamekwisha. Kwa hiyo siku aliyotuambia amepata kazi ya kuchezesha watoto kwenye bustani ya michezo, tulicheka mpaka mbavu zikauma.

"Wewe? Ucheze mbele za watu?" mdogo wangu akamuuliza.

"Nitakuwa ndani ya tembo," akajibu.

Ni tembo wa manyoya ya kijivu, kichwa chake kikubwa kama kapu la nguo, na anayevaa anaonea mdomoni. Mara nne kwa siku anazunguka kuanzia kwenye bembea hadi kwenye treni ndogo, akiwapa watoto mkono. Sharti ni moja: tembo hasemi. Hilo kwake halikuwa sharti, ilikuwa zawadi. Na Mungu ana mambo yake, ndugu zangu. Shemeji huyu anayeona haya hata kuomba chumvi mezani, akishaingia mle ndani anakata kiuno na kupepea masikio, watoto wanapiga kelele za furaha. Nilipomwona mara ya kwanza nilitokwa na machozi, maana alikuwa amekaa nyumbani miaka miwili bila kazi, anatazama dari tu.

Kisha joto likaanza. Jumatatu moja, saa sita mchana, tembo akaanguka chali. Watoto wakadhani ndio mchezo wenyewe, sita wakampanda tumboni. Mama anayekata tiketi za treni ndiye aliyeona kwamba mikono haichezi. Akawafukuza, akamgeuza, akafungua zipu ya mgongoni, akammwagia maji kichwani.

Msimamizi hakumgombeza. Alisema tu, "Nakupa mpaka Jumapili. Ukianguka tena mbele ya watoto, namvalisha mtu mwingine."

Jioni nilikwenda kumjulia hali. Nikamuuliza, "Shemeji, kwani kutwa unakunywa maji kiasi gani?"

Akatazama miguu yake.

"Sinywi."

"Hunywi?"

"Zipu iko mgongoni, shemeji. Siifikii. Nikitaka kwenda msalani lazima yule mama wa tiketi anifungue. Mke wa mtu yule. Nitamwita mara ngapi?"

Mdogo wangu akashika kichwa. "Jamani! Tembo mzima, anakufa na kiu kwa kuona haya ya choo!"

Tukacheka, naye akacheka kidogo. Lakini mimi moyo uliniuma.

Nguo ile huifua nyumbani kila wiki. Nikamwambia akamwombe msimamizi ruhusa ya kuihamisha zipu, akaenda, akakubaliwa. Nikaitoa mgongoni, nikaishonea mbele, nikaificha kwa kizibao chekundu chenye vifungo vikubwa. Chini ya masikio nikatoboa matundu, nikayawekea neti ili hewa ipite.

"Na mzunguko wa saa sita?" nikamuuliza. "Umemwomba akuondolee?"

"Hilo sikuweza kulisema."

Jumapili tulikwenda wote wawili, mimi na mdogo wangu. Siku hiyo jua lilikuwa kali mno, vyuma vya bembea havishikiki. Shemeji alikunywa chupa nzima mbele yetu, akajifunga kitambaa kibichi shingoni, akavaa kichwa. Msimamizi alisimama karibu na treni, amekunja mikono.

Mzunguko wa saa sita aliuanza vizuri. Kufika katikati ya njia, naona hatua zinakuwa nzito. Nikaanza kuomba kimyakimya, Ee Mola, mshike mja wako. Tembo akaacha njia, akaenda pale kwenye turubai la watu wa foleni, akakaa chini.

Msimamizi akaja mbio. "Ameanguka tena!"

"Sijaanguka," tembo akasema. "Nimekaa."

Watoto wakapiga yowe. "Tembo anasema! Tembo anasema!"

Mdogo wangu akanifinya mkono mpaka nikaumia. Na yule mtu wa maneno machache akaendelea, sauti ikitoka kwenye mdomo wa tembo: "Jua hili hata tembo haliwezi. Njooni kivulini mkae na mimi. Msingoje kiu, kunyweni sasa hivi. Na wewe mama, mtoto mvue hilo sweta, na kofia iloweshe maji."

Wakaja kama kuku walioitwa. Wazazi nao wakakaa, chupa zikafunguliwa, mtoto mmoja aliyekuwa analia tangu getini akanyamaza, akaegemea tumbo la tembo. Kila siku saa ile watu huwa wanabeba watoto wao wenye machozi na kurudi nyumbani. Siku ile hakuondoka mtu. Walipumzika, kisha wakarudi kwenye bembea jua lilipopungua.

Msimamizi alimwita pembeni. "Nani kakuruhusu kusema?"

"Kiu, bosi."

Akamtazama, akalitazama turubai lililojaa watu, akatikisa kichwa. Akaondoka zake. Mdogo wangu hakulala vizuri siku hiyo.

Jumatatu asubuhi shemeji alimkuta msimamizi mwenyewe chini ya turubai, amekunja mikono ya shati, anafunga pipa la maji lenye bomba. Kando yake kulikuwa na mkeka mpya.

"Saa sita hutembei tena," akamwambia. "Utakaa hapa uwaite. Nawe uanze kunywa."