Lyle Hruska na Mpira wa Ndani

Lyle Hruska alijifunza kurusha kwa kuwatwanga mawe kunguru waliokuwa wakimaliza mahindi ya baba yake, kule magharibi mwa Nebraska. Alirusha kwa mkono wa kushoto, na katika besiboli mrushaji wa kushoto huwa hakosi kazi. Timu zinamtafuta hata kama hazimpendi. Ndiyo maana aliendelea kulipwa muda mrefu baada ya kila mtu kujua kwamba hatafika mbali.

Tulikutana Iowa, katika ligi ya chini kabisa, wote vijana. Mimi nilikuwa mdakaji wake, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuonyesha kwa glavu mpira uje wapi. Siku hizo Lyle alikuwa mcheshi na mwenye majivuno kidogo.

"Boyd, we weka glavu tu," alikuwa akiniambia. "Mengine niachie mimi."

Na kweli, popote nilipoweka glavu, mpira ulifika. Alikuwa hodari zaidi kwa mpira wa ndani, ule unaopita karibu na mbavu za mpigaji. Mrushaji hawezi kuishi bila mpira huo. Mpigaji asipotishwa kidogo, anasogea mpaka anaiinamia ile sahani nyeupe iliyo chini mbele yake, na hapo hata mipira ya upande wa pili anaifikia na kuipiga atakavyo.

Tulipanda daraja pamoja. Mchana mmoja wa Agosti tulicheza na timu iliyokuwa na kijana wa New Mexico, Teodoro Barela. Magazeti yote yalisema kabla ya msimu kwisha atakuwa ligi kuu. Alikuwa ameshampiga Lyle vibaya mara mbili siku hiyo, na sasa alisimama amejaa juu ya sahani kama mtu aliyekaribishwa mezani. Kocha akatoa ishara kutoka benchi: mpira wa ndani. Ilikuwa ishara ya kawaida, tuliipata kila siku.

Mpira ulipanda kuliko tulivyotaka, ukamwendea usoni. Barela hakuwahi kugeuza uso.

Ile sauti sitaielezea. Alianguka kwa magoti kwanza, halafu akalala. Lyle alishuka kutoka kwenye kichuguu, kile kilima kidogo anaposimama mrushaji, akiwa ameshika kofia mkononi, lakini wachezaji wenzake Barela walimsukuma.

"Rudi kule, muuaji we!"

Akarudi. Alisimama hapo juu peke yake mpaka gari la wagonjwa likaondoka.

Jicho la kushoto halikuokolewa. Kesho yake Lyle alikwenda hospitali. Mama yake Barela, mwanamke mfupi aliyevaa nguo nyeusi, alitoka mlangoni akamwambia kwa upole, "Mwanangu amelala. Usimwamshe." Lyle akashukuru, akaondoka.

Msimu uliofuata niliweka glavu upande wa ndani, Lyle akatikisa kichwa. Nikaweka tena, akatikisa tena. Nikamfuata pale kichuguuni.

"Sogeza glavu, Boyd."

"Wakishajua hurushi ndani, watatumaliza."

"Sogeza tu, bwana."

Walijua mapema kuliko nilivyodhani. Wakawa wanapiga kelele kutoka benchi lao: "Sogea, sogea! Huyo hakugusi! Mleteeni mto alale hapo hapo kwenye sahani!" Lyle alijifanya hasikii, lakini nyuma ya shingo alikuwa mwekundu kama aliyechomwa na jua.

Mpira wake wa kupinda ulikuwa mzuri kiasi kwamba ligi kuu walimwita hata hivyo. Alikaa huko wiki chache tu. Kocha mkuu, mzee aliyetafuna tumbaku mchana kutwa, alimwita ofisini.

"Kijana, hapa juu sahani ina pande mbili. Wewe unanipa mmoja."

"Ndiyo, mzee."

"Na huo mwingine?"

Mzee akatema tumbaku kwenye kopo na kumwambia akafungashe.

Baada ya hapo ikawa ni kuhamahama. Oklahoma, Ohio, Mexico, halafu Ohio tena, kwenye timu nyingine. Kila mahali walimchukua kwa sababu ya mkono wa kushoto na kumwacha kwa sababu ile ile ya kutorusha ndani. Mkewe, Joanne, alivumilia muda mrefu. Siku moja aliniambia jikoni kwao, akifunga vyombo kwa magazeti, "Binti yetu akiulizwa kwao ni wapi, anauliza, 'Mwaka huu?'" Mwishowe alirudi na mtoto kwa wazazi wake Sioux City. Hapakuwa na ugomvi. Lyle alimbebea masanduku.

Magoti yangu yalikufa kabla ya bega lake, nikawa kocha msaidizi. Kwa bahati tukajikuta tena timu moja, huko chini ambako wachezaji ni watoto au wazee. Tulipokuwa El Paso tukapewa siku ya mapumziko. Lyle akaja chumbani kwangu amevaa shati safi.

"Barela anaishi Belen, kwao New Mexico," alisema. "Nipeleke."

Tulimkuta kwenye banda lake la kuziba pancha. Lile jicho la kioo lilikuwa halifuatani na jingine. Alimtazama Lyle muda, akafuta mikono.

"Hruska. Umezeeka, bwana."

"Hata wewe."

Alitukaribisha nyumbani kwake, mkewe akatupakulia mchuzi wa nguruwe na pilipili za kijani. Tulipokuwa tukila, Barela akasema, "Huwa nakusoma magazetini. Mbona wanakutandika hivyo?"

Lyle aliinamia sahani yake ya chakula. Nikajibu mimi: "Harushi ndani."

"Tangu lini?"

Lyle alilitazama lile jicho la kioo. Barela aliweka kijiko chini, na nikaona amekasirika kweli.

"Nani alikuomba? Mimi? Nilikuwa nimejaa juu ya sahani, nakuibia upande wa nje. Ule mrusho ulikuwa halali. Ningekuwa mimi ningerusha pale pale."

"Nilidhani..."

"Sikiliza. Mama aliniambia ulikuja hospitali. Nikakungoja kesho yake. Nikakungoja na keshokutwa. Nilikuwa kwenye giza mle ndani, nataka mtu wa kuongea naye besiboli, na hukurudi. Hilo ndilo lililoniuma, Hruska. Usinitajie jicho."

Lyle alisema, "Nisamehe," kwa sauti ndogo sana.

"Kula. Chakula kinapoa."

Mchezo uliofuata, mdakaji wetu aliweka glavu upande wa ndani kwa mazoea tu, na Lyle akaitikia kwa kichwa. Mpigaji aliruka nyuma kwa mshangao. Wapigaji kadhaa wakatolewa mmoja baada ya mwingine, na benchi letu likaanza kunong'ona. Nilimwona Lyle akitabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona uwanjani tangu Iowa.

Halafu mipira ikaanza kupungua kasi. Bega lilikuwa limechoka kwa miaka yote ile, na mpira wa ndani usio na kasi ni zawadi. Kijana mmoja aliutuma nje ya ukuta. Lyle aliomba mpira mwingine, akarusha, ukaanguka kabla ya kufika kwenye sahani. Akashika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia na kushuka mwenyewe bila kungoja kocha.

Hakurusha tena. Sasa yuko Nebraska, anapima nafaka kwenye maghala. Mkono wa kushoto haupandi juu ya kifua, na nywele anachana kwa wa kulia. Binti yake huja Krismasi, si kila mwaka. Kwa Barela aliwahi kupiga simu akakuta namba imeshabadilika.

Vuli iliyopita nilimtembelea. Tulikaa barazani.

"Ule mpira wa ndani nilikuwa nao, Boyd," alisema. "Miaka yote ile nilikuwa nao."

Upepo ulikuwa ukigonga mabati ya ghala. Baadaye aliinuka akaenda kumlisha mbwa.