Chombo cha Kumwangalia Mama

Baba yao alipozikwa na wageni wakatawanyika, watoto watatu walikaa sebuleni kwa mama yao kuamua nani ataishi naye. Kila mmoja alikuwa amekuja na udhuru wake tayari. Kaka mkubwa alikuwa mhasibu wa kampuni ya bima, mtu ambaye kwa maelezo yake mwenyewe hakuwa na nafasi hata ya kukohoa. Dada alikuwa na saluni na watoto pacha walioanza kutambaa. Binti wa mwisho, ambaye nyumbani wote walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba, alikuwa fundi, na alipanga chumba kimoja juu ya karakana, kitanda chake kikigusana na meza ya kazi.

Mama aliwaacha wazungumze mpaka wakaishiwa.

"Sihami," alisema. "Na sijamwomba mtu ahamie. Acheni kunipiga mnada nami nimekaa hapa hapa."

Wakainamisha vichwa. Kitinda ndiye aliyeinua uso kwanza. "Naweza kutengeneza kitu," alisema.

Kazi yake ilikuwa bodi za lifti. Lifti ya jengo ikigoma, watu hulaumu nyaya na mota, lakini mara nyingi ugonjwa huwa kwenye bodi ya kijani iliyofungiwa ndani ya kabati la chuma huko juu. Bodi hizo zililetwa karakanani kwao, naye akazipima na kuzifufua. Vitu vyake mwenyewe alianza kuvitengeneza alipozijua mikrokontrola za bei nafuu, zile chipu ndogo kama ukucha ambazo bei yake inalingana na soda. Alizipenda jinsi wengine wanavyopenda paka. Chipu moja inasoma swichi, inapima joto, inawasha taa, inatuma neno. Kazi ni kuiunganisha na vitu vya nje kwa waya, kisha kuiandikia programu ya kuiambia kila waya una maana gani.

"Nusu ni risasi ya kuchomelea na koleo, nusu ni maandishi," alikuwa akiwaambia wenzake. "Na balaa lote liko pale zinapokutana."

Chombo cha Mama kilimchukua majuma kadhaa. Kilikuwa na sumaku na swichi kwenye mlango wa jikoni, kihisi cha mwendo ukutani kwenye kijia cha vyumbani, kihisi cha joto nyuma ya jiko, na moduli ndogo yenye laini ya simu. Swichi ya mlango ndiyo iliyomtoa jasho kwanza. Alifungua mlango mara moja, chipu ikahesabu mara sita, kwa sababu vipande vya chuma ndani ya swichi hutetemeka vinapogusana, na chipu ina kasi ya kuuona kila mtetemo. Ikabidi aifundishe subira: ikiona mlango umeguswa, ingoje kidogo, itazame tena, ndipo iamini.

Siku alipokwenda kukifunga, Mama alivuta kiti akakaa kumtazama. Yeye mwenyewe alikuwa opereta wa simu maisha yake yote ya kazi, kwenye ile mitambo ya zamani ya kuchomeka na kuchomoa nyaya, na habari za ishara kupita kwenye waya hazikumtisha hata chembe.

"Hiki kitawaambia nini?" aliuliza.

"Kwamba umeamka, mama. Umeingia jikoni, umewasha jiko. Ujumbe unakuja kwetu sote watatu. Asubuhi ikipita bila dalili yoyote, tunapata ujumbe mwingine wa kutushtua."

"Na kinajuaje kama ni mimi?"

Kitinda alicheka huku akikaza skrubu. "Hakijui. Kinajua mlango umefunguliwa na kuna kitu chenye joto kimepita. Lakini atakuwa nani mwingine?"

"Kweli, nani mwingine," Mama alisema, akainuka kwenda kumtengenezea chai.

Chombo kilifanya kazi kuliko walivyotarajia. Asubuhi simu zililia karibu kwa pamoja: *Mama ameamka. Mama yuko jikoni.* Kaka mkubwa aliwaonyesha wenzake ofisini, akavimba kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyeshika koleo. Dada, aliyekuwa akija kila Jumamosi, alikosa moja kwa ajili ya bibi harusi wa kupambwa, akakosa nyingine kwa mafua ya pacha, halafu Jumamosi zenyewe zikapotea bila mtu kuzitafuta. Kaka alikuwa na kawaida ya kupita akitoka kazini. Sasa alipita kwa kusoma simu akiwa kwenye foleni ya magari. Kitinda ndiye aliyeishi karibu kuliko wote, lakini hata yeye alikuwa amekiunda chombo kiasi kwamba marekebisho aliyatuma kwa laini ya simu kutoka mezani kwake, bila kushika bisibisi.

Mama alipowapigia walimpokea kwa uchangamfu. "Tunaona, mama, leo umeamka mapema." Mazungumzo yakawa mafupi, maana habari zake walikuwa nazo tayari.

Kisha ikatokea siku ya kasheshe. Moduli ya simu hunywa umeme mwingi kwa mkupuo inapotuma, na chaja aliyoiweka Kitinda ilikuwa dhaifu. Umeme wa mtaa ulipofifia asubuhi moja, moduli ikavuta, chipu ikazimika na kuwaka tena, ikasahau yote iliyokuwa imeyaona. Jua lilipopanda ikatuma kwa wote: *Hakuna dalili ya Mama.* Walipopiga simu yake, iliita mpaka ikakata. Dada aliacha mteja na nywele nusu. Kaka alitoka kikaoni mbele ya wakubwa wake, akaendesha gari roho mkononi. Walimkuta Mama kwa mshonaji, jirani wa mlango wa pili, amesimama akipimwa gauni. Simu alikuwa ameiacha chumbani ikichaji.

Ingekuwa furaha, lakini hofu ya kaka ilikwisha geuka hasira.

"Mama, unanitoa kikaoni kwa sababu ya gauni? Simu unaiachaje? Wale watu watanionaje mimi?"

Dada naye akaongeza lake kuhusu mteja aliyemwacha kama kuku aliyenyonyolewa upande. Kitinda alifika wa mwisho, akaenda moja kwa moja kwenye kasha, akalifungua. "Ni umeme tu," alisema akiwa amewapa mgongo. "Nitaongeza kapasita ya kuhifadhi umeme na kubadili chaja. Si kosa la mtu."

Hakuna aliyemsikiliza.

"Samahanini," Mama alisema. "Haitatokea tena."

Aliitoa ile sauti yake ya kazini, iliyonyooka, aliyowaambia nayo wateja kwamba laini imekatika. Kitinda aliisikia, lakini akili yake ilikuwa ndani ya kasha, akitafuta pa kuichomelea kapasita.

Kweli, haikutokea tena. Miezi ikapita, ujumbe ukija kila asubuhi kama jua.

Mchana mmoja Kitinda alikuwa amekwenda kutazama lifti ya jengo la jirani na kwa Mama. Kazi ikaisha mapema, naye alikuwa na kifuniko kipya cha kasha ndani ya mkoba, basi akaona apitie akakibadilishe. Alipokuwa ngazini kwa Mama simu ikatetemeka: *Mama yuko jikoni.* Akatabasamu. Mlango wa mbele ulikuwa umeegeshwa tu. Akausukuma.

Kwenye kijia alimkuta mshonaji, tepu ya kupimia shingoni, akipunga mkono mbele ya kihisi cha mwendo kama mtu anayeaga msafiri. Alikuwa amekwisha kuuacha wazi mlango wa jikoni, na ndani jiko liliwaka bila kitu juu yake.

Wakatazamana.

"Shikamoo, mama," Kitinda alisema, kwa kuwa hakupata neno jingine.

"Marahaba, mwanangu." Mshonaji aliingia jikoni akazima jiko, akarudi akijifuta mikono isiyo na maji. "Mimi nilimwambia. Nilimwambia mambo haya yatatuumbua. Akaniapisha."

"Yuko wapi?"

Mshonaji alielekeza chumbani kwa kidevu.

Mama alikuwa amelala chali, mto chini ya goti, uso umesinyaa kama nguo iliyokaushwa bila kukung'utwa. Aliteleza bafuni, na sasa ilikuwa inakwenda wiki ya tatu. Mguu wa kushoto haukukanyaga. Mshonaji alimlisha, alimwogesha, alimshika kwapani kumpeleka msalani, na kila alfajiri kabla ya kukaa kwenye cherehani, na tena mchana, alikuja kupita mbele ya kihisi, kufungua mlango na kuwasha jiko, kwa mpangilio aliofundishwa na Mama mwenyewe.

Kitinda alikaa pembeni mwa kitanda. "Mbona hukusema, mama? Jana tu tumeongea kwa simu."

"Jana uliniuliza nini?"

Kitinda alijaribu kukumbuka.

"Hukuniuliza kitu," Mama alisema. "Uliniambia. Uliniambia nimeamka vizuri, nimekunywa chai yangu. Nikaona unajua kuliko mimi." Alifumba macho maumivu yalipompitia. "Nilikuwa nangoja ipone. Kaka yako ana vikao vyake."

Hospitalini daktari aliiweka picha kwenye mwanga, akasema nyonga ilianza kwa ufa, na ufa ule ungetulia kwa matibabu mepesi. Kwa kukokotwa kwenda msalani mfupa ulikuwa umehama. Watamfanyia upasuaji, lakini mguu utabaki mfupi, na kutembea bila mkongojo asahau.

Kaka na dada walipofika, moto uliwaka pale pale kwenye korido.

"Ujumbe wote ninao hapa," kaka alisema, simu mkononi. "Kila siku mama mzima, mama mzima. Chombo chako kimetudanganya."

"Hakijawahi kusema mama mzima. Kilisema mlango umefunguliwa. Neno Mama niliandika mimi."

"Usiniletee lugha za mafundi."

"Mara ya mwisho ulikwenda lini, kaka?"

"Na wewe je, unayekaa pua na mdomo?"

Dada, aliyekuwa akilia kwenye ukuta, akageuza uso. "Huyo mwanamke ndiye wa kubanwa. Ametuchezea shere wiki tatu. Mimi nasema tumshitaki."

"Kwa kosa gani?" Kitinda aliuliza. "La kumwogesha?"

Hawakuwa wameona kwamba mshonaji alikuwa kwenye benchi la nyuma yao, na chupa ya chai aliyomletea mgonjwa. Aliinuka taratibu, akaiacha chupa kwenye benchi, akaondoka bila kuaga. Hakuna aliyemfuata. Dada ndiye aliyekuja kuifungua baadaye, wakanywa.

Mama aliporudi nyumbani na mkongojo wake wa chuma, watoto wote watatu walimtaka akaishi kwao, tena kwa kugombania. Aliwakatalia wote kwa adabu. Alimwita mshonaji ahamie chumba cha nyuma na cherehani yake. Kisha akamwambia Kitinda akitoe kile chombo. Kitinda alikitoa siku hiyo hiyo, akaziba matundu ya skrubu kwa saruji nyeupe, akapaka rangi juu, na Mama akamshukuru kwa kazi nzuri.

Ndivyo alivyokuwa nao tangu hapo. Walipokwenda, na kwa muda walikwenda sana, aliwakaribisha kwenye viti vizuri, akawauliza habari za kazi, akawashukuru kwa kupoteza muda wao. Hakuwahi kumgombeza hata mmoja. Wangetoa chochote wagombezwe. Baada ya miezi michache kaka akaanza tena kukosa. Kitinda aliendelea kwenda kila Jumapili, akihudumiwa kama mgeni aliyetumwa na ofisi fulani.

Karakanani mambo yalibadilika. Lifti mpya zilikuja na bodi zisizofunguliwa, zikiharibika zinatupwa, na kazi ikapungua mpaka mafundi wakawa wanacheza karata mchana. Bosi wake, aliyekuwa amekiona chombo tangu kikiwa mezani, alimbembeleza wakitengeneze cha kuuza. Kitinda alikataa, akakataa tena, mwisho akakubali, kwa sababu hakuwa na ujuzi mwingine wa kumlisha. Ila aliibadili programu. Ujumbe ukawa: *Mlango wa jikoni umefunguliwa.* Basi, hakuna zaidi.

Wateja wa kwanza walirudi kulalamika.

"Watu hawanunui mlango, fundi," bosi alimwambia. "Rudisha neno."

Akalirudisha. Sasa mnunuzi hujiandikia mwenyewe kwenye simu yake: Mama, Baba, Bibi, Shangazi. Vinauzika vizuri. Huviunganisha kumi kumi, anajaribu kila swichi kwa kidole, anasubiri chipu iamini, anaweka kando.

Juzi alikuja mwanamume mmoja aliyevaa vizuri, ana haraka, mama yake anaishi peke yake upande wa pili wa mji. Kitinda alimweleza kinavyofanya kazi. Alimweleza pia kwamba hakijui ni nani aliyefungua mlango. Mtu yule aliitikia kwa kichwa huku akitazama saa.

"Kwa hiyo sitakuwa na haja ya kwenda kila wiki?" aliuliza.

Kitinda aliweka koleo chini. "Wengi huacha kwenda," alisema.

Yule mtu alishusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo, akauliza kama lipo kasha la rangi nyeupe.