Siku Tatu Bila Maji

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, hakuna mtu nyumbani kwetu Litapunga aliyeruhusiwa kusimama kwa haraka. Sheria hiyo ilikuwa ya bibi, mama yake baba. Sisi ni wageni, alitueleza. Tumekuja na ng'ombe kutoka Usukuma tukajenga kando ya kichuguu kikubwa, na ardhi ile ina wenyewe waliotangulia. Ukiketi, wamekupokea. Ukitaka kuondoka, sugua miguu kwanza, tulia kidogo, kisha inuka taratibu kama mtu anayeaga. Anayekurupuka wanamvuta arudi chini.

Watoto tuliifanya kuwa mchezo. Mpaka leo nikisikia harufu ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ikichemka nawaona ndugu zangu kwenye mkeka, wote tukisugua miguu kama wazee na kucheka, na bibi akijifanya haoni.

Mama peke yake hakuifuata. Alikuwa mwembamba, mwenye haraka, amesoma mpaka darasa la saba. Alikula kwa kudokoa, na mara nyingi alikwenda shamba la tumbaku bila kutia kitu mdomoni. Mwaka ule alianza kushika ukuta kila akiamka, akisema anaona giza.

Siku moja tulikuwa tunabangua karanga za mbegu. Kaka akaita kwamba ndama ameingia kwenye vitalu vya miche. Mama aliruka, akapiga hatua mbili, akaanguka pale pale kando ya kichuguu. Uso ulimpauka, jasho likamtoka, na mikono yake ilikuwa baridi ingawa jua lilikuwa kali. Baada ya muda mfupi alizinduka mwenyewe. Bibi hakumlaumu. Alitazama kichuguu, akaingia ndani.

Kesho yake akaletwa mganga. Alisema wenye ardhi wana kiu, hivyo mama asiguse maji wala chumvi tangu jua linapochomoza hadi linapozama, kwa siku saba, na binti yake mkubwa amlinde. Binti huyo nilikuwa mimi. Nakiri kwamba nilijisikia mtu mkubwa. Nilikaa kando ya mtungi wa maji kutwa nzima.

Siku ya tatu, mchana, mama aliniita. Midomo ilikuwa imepasuka.

"Mwanangu, nipe funda moja tu."

"Watakuchukua, mama," nikamjibu.

Hakubishana. Alitikisa kichwa kukubali, akasugua miguu, akatulia, akainuka taratibu kabisa kama bibi alivyotaka. Hata hivyo alianguka. Safari hii kichwa kiligonga kinu, damu ikatoka, na tulipomwita hakuitika.

Baba alifunga maksai kwenye mkokoteni. Bibi alikipakata kichwa cha mama njia nzima, mimi nikishika miguu yake, hadi zahanati. Nesi alimpima, akaagiza miguu iinuliwe, akamtundikia dripu na kushona jeraha. Mama alipofumbua macho, nesi akauliza mara ya mwisho alikunywa maji lini. Baba alitazama chini.

"Mchana aliomba, mimi nikamnyima," nikasema.

Nesi hakunigombeza. Alitueleza kwamba watu wanaijua presha ya kupanda, lakini ipo na ya kushuka. Mwili ukikauka, damu inakosa nguvu ya kusukumwa. Mtu akisimama inabaki miguuni, kichwa kinapata kidogo, naye anaanguka. Anywe maji mara kwa mara, ale vizuri, na akisikia kizunguzungu akae chini au alale kabla hajadondoka. Halafu akatuandikia twende hospitali Mpanda wakamchunguze kama kuna ugonjwa mwingine nyuma yake, maana kuanguka hivyo si jambo la kuliacha.

Bibi ndipo akauliza, kwa sauti ndogo, kama kusimama taratibu nako ni ujinga.

"Hapana, bibi. Hilo ni sahihi kabisa. Nani alikufundisha?"

"Mama yangu alikuwa anaanguka hivi," bibi akasema. Hakuwahi kutuambia.

Tangu siku hiyo bibi mwenyewe alimpelekea mama bakuli la maji kila alfajiri. "Kunywa, mayu," alimwambia, kwa neno letu la kumheshimu mwanamke, na hakuondoka mpaka liishe. Lakini kichuguu hakikuguswa, na sheria ya mkekani iliendelea.

Bibi ameshatutoka. Simcheki. Alichokiona kwa macho yake kilikuwa kweli; wenye ardhi ndio walikuwa maelezo aliyopewa, na hayo maelezo ndiyo yaliyotufikisha kwenye kumnyima mgonjwa maji. Siku hizi mama anaishi nami Makanyagio, hapa Mpanda mjini, anahudhuria kliniki, na bado ana haraka.

Mwaka jana, baada ya miaka mingi ya kulificha jambo hilo moyoni, nilimwomba radhi kwa lile funda la maji. Alishangaa kwamba nililibeba muda wote huo.

"Ungenipa, nisingelimeza," akasema. "Niliomba tu, kiu ilinizidi. Lakini na mimi nilikuwa nawaogopa wenye ardhi."

Nilikuwa nimeamini siku zote kwamba mama, kwa kuwa alisoma, alikuwa anatuvumilia tu. Kumbe tulikuwa tunaogopa pamoja, kila mmoja upande wake wa mtungi, na hakuna aliyemwambia mwenzake.