Sauti Kutoka Juu ya Mnara

Wewe uliyekwisha kukunja midomo kabla sijasema neno, ikunjue. Mimi nilikuwepo, wewe hukuwepo. Hata mjukuu wangu Saumu, anayefanya kazi hotelini Diani, nilipomsimulia haya alinicheka: "Bibi, hizo ni stori za jaba, za watafuna miraa!" Nikamwambia haya, jifunge kanga, twende ukaone. Lakini huko tutafika.

Nilipokuwa mtoto, mbele ya kijiji chetu, kusini ya Gazi, kulikuwa na kisiwa ambacho maji yakitoka unakwenda kwa miguu, yakijaa kinabaki peke yake. Kipo mpaka leo. Juu yake Wazungu walijenga mnara wa taa, mweupe, mlango wa chuma. Mlinzi alikuja jioni kuwasha. Mchana hamkuwa na mtu.

Wanawake wa kwetu walikwenda huko siku za bamvua, maji yanapotoka mbali, kuwachokoa pweza mapangoni. Walikuwa na desturi yao: wakishaupa mchanga mgongo, hakuna kuitana majina. Bahari ikilijua jina lako, walisema, siku moja itakuita yenyewe, na ukiitika hurudi. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na jina la maji. Shangazi Mwanahamisi, dada yake baba, aliyenilea, aliitwa Sufuria. Jirani yetu, mwanamke mnene kama pipa, aliitwa Sindano. Mimi ilikuwa safari yangu ya kwanza, sikuwa na jina.

"Utapewa ukimtoa pweza wako wa kwanza," Shangazi aliniambia. "Mpaka hapo, ukisikia unaitwa Mwanatumu, funga mdomo. Si sisi."

"Ni nani?"

"Akikuita muulize."

Sindano alicheka mpaka kikapu kikamponyoka.

Basi mimi pweza wa nini? Nilitaka kujua ile taa inakaaje kule juu, na kwa nini haiunguzi paa. Walipoinama mapangoni nikajitenga, nikapanda hadi mnarani. Komeo lilikuwa limeliwa na kutu. Nikasukuma. Ndani baridi, harufu ya mafuta ya taa na popo, na ngazi ya chuma ikizunguka kwenda juu, ambako kulikuwa na kidirisha kisicho na kioo. Nikafika katikati, nikaiona taa: vioo vimepangwa kama maganda ya kitunguu, kila kimoja kina upinde wake wa mvua. Nikakaa palepale kwenye ngazi, nikatazama. Maji sikuyakumbuka.

Ndipo nikaitwa.

"Mwanatumu!"

Kutoka juu, kule kule kwenye taa. Sauti ya mwanamke, nyembamba, inatetemeka. "Mwanatumu weee!"

Wako watakaosema mtoto akiogopa huganda. Mimi sikuganda. Anayeita yuko juu, basi mimi nakwenda chini. Niliteremka ngazi zile hata magoti yakachubuka, mdomo nimeufunga kwa mkono.

Nje, njia tuliyojia haikuwapo. Bahari tupu. Wanawake walikuwa wamekwisha kuvuka, kila mmoja akidhani niko na mwenzake. Aliyekuwa ndani ya maji ni Shangazi peke yake, yamemfika kifuani, anakuja kwangu, kikapu na pweza wake wote ameviacha. Alinitupa mgongoni, tukavuka, naye mara nyingine nilimwona kichwa tu.

"Umeniita?" nilimuuliza mchangani, natapika maji ya chumvi.

Akanizaba kofi. "Mimi nikuite jina baharini? Nina wazimu?"

Sindano akatazama pembeni. Wengine wakajishughulisha na vikapu vyao.

Shangazi hakunichukua tena kisiwani, wala jina la maji sikupewa. Kila bamvua alinifukiza ubani, na kila nilipouliza, jibu lake lilikuwa lile lile. Hata alipokuwa kitandani, anakaribia kwenda, nilimuuliza. "Sikukuita," akasema, akageukia ukutani. Basi kama si yeye, ni nani? Swali hilo limeniwasha kuliko upele.

Bamvua iliyopita ndipo nilipokwenda na Saumu. Taa ya sasa inawaka kwa jua, mlinzi hayupo tena, lakini mnara ni ule ule. Nikamwacha kwenye mwamba, upande ule aliotokea Shangazi siku ile.

"Nikishaingia, niite."

"Nikuite vipi, Bibi?"

"Jina langu."

"Mwanatumu? Kama rika langu? Astaghfirullah!"

"Leo nimekupa ruhusa. Kesho ukirudia nitakung'oa meno."

Nikaingia, nikasimama chini ya ngazi. Mlango niliuacha wazi, namwona Saumu mwambani, viganja mdomoni.

"Mwanatumu!"

Ikatokea juu. Kwenye kidirisha kile, ikashuka na ngazi, nyembamba, inatetemeka.

Basi siku ile alikuwa Shangazi. Maji yalikuwa yanajaa, naye hakuwa na jina jingine la kuniitia. Kisha akakana, mbele ya wenzake na mbele ya mauti, kwani angekiri angekuwa amelitia muhuri jina langu huko baharini. Mwanamke yule hakuwahi kudanganya kwa jambo jingine lolote. Nami miaka yote nikadhani kofi lile ni ukali tu.

"Mwanatumu! Bibi! Unanisikia?"

Nilimsikia vizuri. Sikuitika. Nikatoka, nikaufunga mlango.